Barazani kwa Baharia: Hivi manowari ya ndege inazamika?

"Ami, asalaam aleikum. Barazani petu hapa Langoni tumegawanyika tangu juzi. Wenzangu wanasema ile manowari ya Marekani ibebayo ndege haizamiki, kwamba ni kisiwa cha chuma. Mimi nasema kombora moja tu, kwisha maneno. Tumewekeana dau la halwa kilo mbili. Tuamulie." – Kijana wa Langoni, Lamu

Waaleikum salaam, mwanangu. Kwanza hilo dau lifuteni. Kamari hiyo, na mimi sitaki kuulizwa kesho kwa halwa ambayo hata sikuionja. Changeni pesa, mnunue, mle. Pili, nyote mmekosea, ila wewe umekosea kwa kelele zaidi.

Chombo hiki wengi wetu tumekiona kwenye simu, na kwenye simu hata nyangumi hutosha kiganjani. Mimi nilikiona kwa macho mara moja, nikiwa fundi wa mitambo katika meli ya mizigo iliyokuwa ikielekea Ghuba. Jua ndiyo kwanza linatoka, nimepanda juu kupunga upepo na kikombe changu cha chai, oili imenijaa mpaka masikioni. Zikapita ndege mbili chini chini, na bara haipo popote. Nikajiuliza hizi zimetoka wapi. Haukupita muda, ukaanza kuchomoza kwenye upeo mnara wa kijivu, kisha chini yake ubao mrefu uliokuwa hauishi. Sauti ikamwambia nahodha wetu redioni abadilishe mwelekeo. Ilimwambia kwa adabu, ile adabu ya mtu asiyetarajia kukataliwa. Tukageuka. Hatukuikaribia hata maili saba na bado ilijaza macho.

Zile za aina ya Nimitz zina urefu wa mita 333 na uzito wa tani kama 100,000. Watu waliomo wanapita 5,000. Gati moja la bandari yetu mpya, lile lililofunguliwa Mei 2021, lina mita 400, kwa hiyo ingelala pale ikabakisha nafasi ya majahazi mawili ya boriti.

Sasa, chombo huzamaje? Marehemu mjomba wangu alikuwa na jahazi la kupeleka boriti Mombasa, na alizoea kusema kwa Kiamu chake: "Maji ya nde hayazamishi chombo, huzamisha maji ya ndani." Jahazi lina ngama moja, yaani uwazi wa chini kabisa ndani ya chombo. Likitoboka omo, yaani mbele, maji yanatembea mpaka tezi, yaani nyuma, na baharia hana la kufanya ila kushika ndoo na kusoma dua. Manowari hii imegawanywa vyumba kwa mamia, kila kimoja na kuta zake na mlango wa chuma usiopitisha maji. Ukitoboa kimoja, kinajaa hicho, jirani yake mkavu. Mwaka 2005 Wamarekani walichukua yao kuukuu, iliyoitwa America, wakaenda nayo Atlantiki na kuilipulia mabomu, juu ya maji na chini ya maji, kwa takriban wiki nne, ili wajifunze chuma hicho kinavumilia nini. Ikawa inaelea tu. Tarehe 14 Mei wakaizamisha wenyewe kwa makusudi.

Basi wenzako washinde? Ngoja kwanza.

Miaka michache iliyopita kulikuwa na mashua ya injini hapa mbele ya mji. Mtungi wa petroli ulivuja usiku, petroli ikashuka ngamani. Asubuhi kijana mwenye mashua akafuta kwa kitambaa, akaona pakavu, akaridhika. Lakini petroli ikikauka haiendi mbinguni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala chini ukingoja. Nilikuwa nimekaa gatini nakunywa kahawa. Akavuta kamba ya injini mara ya kwanza, kimya. Akavuta ya pili. Sauti yenyewe haikuwa kubwa, kama mtu anayekung'uta mkeka, ila kifuniko cha injini kilikwenda juu kuliko mlingoti wa jahazi lililokuwa kando. Kijana alijitupa majini nyusi zimeungua. Alipona. Mashua iliteketea mpaka usawa wa maji.

Hicho kifo ndicho kilichoipata Taiho, manowari mpya kabisa ya Wajapani, tarehe 19 Juni 1944. Nyambizi ya Marekani iitwayo Albacore iliipiga topido moja, lile kombora la kupita chini ya maji. Tundu lenyewe halikuwasumbua sana, waliendelea na safari. Lakini tangi za petroli ya ndege zilikuwa zimepasuka na mvuke ukaanza kuwalewesha watu. Mkubwa mmoja akaamuru milango ifunguliwe na feni za kupitisha hewa ziwashwe, ili harufu itoke. Feni zikausambaza ule mvuke chombo kizima, kutoka omo hadi tezi. Baada ya saa sita hivi ikalipuka. Kwa hiyo ukitaka kusema ilizamishwa na topido moja, sema, lakini mimi kama mtu wa mitambo nasema iliuawa na feni.

Miaka miwili nyuma, Juni 1942, kwenye vita vya Midway kule Pasifiki, manowari nne za ndege za Wajapani zilipigwa siku moja na zote zikapotea: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Akagi ilimalizwa na bomu moja tu lililopiga barabara. Bomu moja kwa chombo kama kile si kitu, isipokuwa lilitua palipojaa ndege zilizoshiba mafuta na silaha. Na Wamarekani nao wasicheke: tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin, roketi ya ndege yao wenyewe ilifyatuka juu ya sitaha ya manowari yao Forrestal, ikapiga ndege ya mbele, mafuta yakamwagika, mabomu yakaanza kupasuka kwa joto. Watu 134 walikufa, wakiwemo waliokimbilia na mabomba ya maji mwanzo kabisa, hata ikabidi moto uzimwe na watu ambao hawakuwa na mafunzo. Tangu hapo kila mtu chomboni hufundishwa kuzima moto, mpishi na kinyozi pia. Mafuta ya ndege zao nayo si petroli tena. Wanatumia aina nzito ambayo haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ifike nyuzi joto 60.

Nawe, mwanangu, ulikosea pale uliposhikilia neno "kuzama". Adui mwenye akili hahitaji izame. Chombo hiki kazi yake ni kurusha ndege na kuzipokea. Ipasue sitaha, iharibu mitambo ya kurushia, ivunje zile waya za chuma zinazodaka ndege ikitua, ama iinamishe upande nyuzi chache tu, basi imebaki nyumba ya wageni yenye watu 5,000. Uingereza walikuwa na manowari ya ndege iitwayo Hermes. Aprili 1942 ilitoka Trincomalee bila ndege hata moja. Tarehe 9 ndege za Wajapani zikaikuta karibu na Batticaloa, Ceylon (Sri Lanka ya leo), na hakukuwa na wa kuikinga. Dakika chache tu, ikazama. Baada ya hapo manowari za Uingereza zilizobaki katika bahari yetu hii zikahamia Kilindini. Babu yangu alikuwa kuli pale mwaka huo, akasimulia mpaka anazeeka jinsi mlango wa bandari ulivyojaa vyuma vya kijivu. Hakujua kwamba wale wakubwa walikuwa wamekimbia. Aliona ni ufahari.

Halwa: nusu kwa nusu.

*

"Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa jiografia huku Ngomeni. Wanafunzi wangu wananiuliza: siku hizi setilaiti zinaona kila kitu, sasa chombo cha mita 300 kitajificha wapi? Nami sikuwa na jibu la maana." – Mwalimu, Ngomeni, Malindi

Marahaba, mwalimu. Umeniuliza swali ambalo ndilo kiini chenyewe, na umeniuliza ukiwa mahali panapostahili. Kutoka ufukwe wenu huo, kwenye majukwaa ya San Marco ya Waitaliano, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Waonyeshe wanafunzi yale majukwaa yaliyosimama majini kama kaa, kisha waambie hesabu ifuatayo.

Setilaiti ya chini huzunguka dunia kwa dakika 90 na kitu. Inapita juu, inapiga picha, inakwenda zake. Tuseme imeiona manowari saa nne kamili. Picha ishushwe, isomwe, mtu aamini anachokiona, apige ripoti, mkubwa aamue, kombora liandaliwe. Tuwape nusu saa, nao wawe wepesi. Chombo kile kinakwenda zaidi ya noti 30, yaani kilomita 55 kwa saa. Kwa nusu saa kimesogea kilomita 27 kuelekea upande wowote kinachopenda. Wachoree watoto duara la nusu kipenyo cha kilomita 27 wapige hesabu ya eneo: watapata karibu kilomita za mraba 2,300, zaidi ya theluthi moja ya kaunti nzima ya Lamu. Kipo humo ndani, kinakimbia, na duara linapanuka kila dakika.

Wasiotoka baharini hudhani bahari ni uwanja mtupu ambao kilicho juu yake kinaonekana. Msimu mmoja wa kusi mashua ya wavuvi wanne wa kwetu iliharibikiwa injini nje ya Kiwayu. Walitupigia simu kabla mtandao haujakatika, tukajua walipo saa kumi ya jioni. Tukafika magharibi. Hawapo. Mkondo ulishawabeba. Chombo kisichokuwa na injini wala tanga, watu wanne waliokuwa wakipepea shuka wapate kuonekana, tuliwatafuta usiku kucha na tukawapata kesho yake mchana maili kama ishirini kaskazini, wakinywa barafu iliyoyeyuka ya kuwekea samaki. Hao walikuwa wanataka kuonekana! Fikiria asiyetaka.

Na asiyetaka ana mbinu zake. Huzima rada zake na redio zake zote, maana rada ni kama kurunzi gizani: mwenye nayo anaona mita mia, na yeye anaonekana kutoka maili kumi. Hubadilisha mwelekeo usiku. Hucheza na taa. Hapa nikupe kisa, nacho kilitokea bahari hii hii, upande wa Uarabuni, mwaka 1981. Mwingereza Sandy Woodward, yule aliyekuja kuongoza manowari zao kwenye vita vya Falkland mwaka uliofuata, alikuwa kwenye mazoezi dhidi ya Wamarekani. Kazi yake ilikuwa aikaribie manowari yao ya ndege Coral Sea, nayo imezungukwa na walinzi na ndege juu. Mchana alishindwa kabisa. Usiku akaiwashia meli yake Glamorgan kila taa iliyokuwamo, ikang'aa kama meli ya watalii. Mlinzi wa Kimarekani akauliza redioni, nani wewe? Akajibiwa kwa lafudhi ya Kihindi kwamba hii ni meli ya abiria Rawalpindi, inatoka Bombay inakwenda Dubai. Akapita. Kwa masimulizi yake mwenyewe Woodward alifika umbali wa maili 11, ndipo akawajulisha kwamba makombora yake yameshafyatuka. Sisi tunaojua karabai za wavuvi wa dagaa usiku, jinsi mashua kumi zinavyofanana na mji, hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kisa hicho kinakata kuwili, mwalimu. Manowari hujificha kwa hila, na hufikiwa kwa hila. Wachina wana kombora liitwalo DF-21D, la kupiga meli kutoka nchi kavu umbali wa kilomita 1,500 hivi, linashuka kutoka juu kabisa kwa kasi ya kutisha. Watu huliogopa hilo kombora. Mimi naona kombora ni kiungo cha mwisho cha mnyororo. Viungo vya kwanza ni kuiona, kuitambua, kuifuata isipotee na kulielekeza kombora likiwa njiani. Mlinzi mwerevu anakata mnyororo popote penye kutu, anafunga macho ya rada, anachafua mawimbi, anaweka chambo. Ila sitakuficha, setilaiti zinaongezeka kila mwaka na ile nusu saa yangu inafupika.

Kinachonitisha zaidi mimi kiko chini ya maji. Nyambizi haihitaji setilaiti, inakaa njiani imezima kila kitu ikisikiliza. Mwaka 2005 Wamarekani walikodi nyambizi ndogo ya Uswidi, Gotland, pamoja na mabaharia wake, wakaipeleka San Diego wajifunze kuisaka. Ikawafunza kweli: kwenye mazoezi iliipenya ngome ya manowari Ronald Reagan ikahesabiwa kuwa imeipiga. Oktoba 2006 nyambizi ya Wachina iliibuka maili kama tano tu kutoka manowari ya ndege ya Marekani, Kitty Hawk, karibu na Okinawa. Kinga hapa ni helikopta zinazoning'iniza sona, chombo cha kusikilizia chini ya maji, kwa kebo kama mtu anayeshusha mshipi, ni nyambizi yao wenyewe inayotangulia, na juu ya yote ni mwendo. Ile nyambizi ya betri ikitaka kuikimbiza manowari kwa noti 30, betri zinaisha, tena inapiga kelele. Kwa hiyo inabidi ibahatishe ikae mbele ya njia.

Kuna jambo moja linaloitia manowari ya ndege kwenye njia inayojulikana, na mabaharia wa tanga mtalicheka. Ikitaka kurusha na kupokea ndege, sharti igeuze omo iupokee upepo. Wakati wa kusi itaelekea kusini, wakati wa kaskazi itaelekea kaskazini, bwana mkubwa na mitambo yake ya nyuklia. Upepo bado unamwamuru.

Watoto wakikuuliza kwa nini basi wasijenge viwanja vya ndege nchi kavu wakaachana na gharama hii, wakumbushe alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 hapa kwetu Manda Bay. Al-Shabaab waliingia kwa miguu. Wamarekani watatu walikufa na ndege zikateketea zikiwa zimeegeshwa. Kiwanja cha nchi kavu hakihami usiku.

*

"Kaka mkubwa, salaam. Mume wangu na mimi tulikuwa tukitazama habari za Bahari ya Shamu. Wale wa Yemen walikuwa wakirusha droni za bei rahisi, Wamarekani wakizitungua kwa makombora ya mamilioni. Si watafilisika? Na kwa nini wasingoje zikaribie wakazipiga kwa bunduki?" – Mama wa watoto wawili, Shela, Malindi

Salaam, dada. Nianze na la pili, la bunduki, maana lina ladha.

Ukikaa ndani ya mashua, jicho lako likiwa mita moja na nusu juu ya maji, upeo wako ni kilomita nne na kitu. Mpandishe kijana mlingotini, mita kumi, anaona kilomita 11. Dunia ni mviringo, ndiyo sababu tukiwa wadogo tuliona tanga la jahazi la mbali kabla ya mwili wake. Rada ya meli nayo ni yule kijana mlingotini. Kombora linaloruka mita tano juu ya mawimbi halionekani na rada ya meli mpaka lifike kilomita 25 au 30. La mwendo wa kawaida litakula umbali huo kwa dakika moja na nusu. Lile lenye kasi mara tatu ya hilo, nusu dakika. Wewe hapo unakuna nazi, hujamaliza kifuu.

Ndiyo maana hawangoji. Wanampandisha kijana mlingoti mrefu zaidi: ndege iitwayo Hawkeye, yenye sahani kubwa mgongoni, inayopaa mita elfu kadhaa na kuona juu ya bahari zaidi ya kilomita 300. Ndege za kivita zinakwenda kupigania huko huko mbali. Kinachopenya kinakutana na makombora ya meli za walinzi. Kinachopenya hapo kinatupiwa chambo, mfano ile roketi ndogo ya Kiaustralia, Nulka, inayoning'inia hewani ikijifanya yenyewe ndiyo meli. Bunduki ni ya mwisho kabisa. Inaitwa Phalanx, risasi 4,500 kwa dakika, inajilenga yenyewe kwa sababu binadamu ni mzito. Tarehe 30 Januari 2024 meli mlinzi moja, Gravely, ilibidi iitumie katika Bahari ya Shamu. Kombora lilikuwa limebakisha maili moja. Kwa kasi hiyo ni sekunde chache. Mimi huyo baharia aliyekuwa zamu ningemwacha alale siku mbili.

La gharama: kombora la kujikingia ni dola milioni mbili na kuendelea, droni ni makumi ya maelfu. Lakini hesabu ya haki si kombora kwa droni, ni kombora kwa kile ambacho droni ingekipiga. Manowari ya ndege Ford, mpya kuliko zote ilipoingia kazini 2017, iligharimu takriban dola bilioni 13. Fedha ninadhani wanazo. Wasichokuwa nacho ni nafasi. Meli mlinzi ina mashimo 90 au 96 ya makombora, hayo na ya kushambulia humo humo. Yakiisha, kujaza tena katikati ya mawimbi ni kazi ambayo bado hawajaizoea. Inabidi warudi bandarini. Adui anayejua hilo atatuma takataka kwanza, kizuri baadaye.

Na kuna uchovu, dada, ambao televisheni haionyeshi. Tarehe 22 Desemba 2024 meli mlinzi Gettysburg iliitungua ndege ya wenzake wenyewe iliyotoka kwenye manowari Harry S. Truman. Marubani wawili waliruka wakapona. Aprili iliyofuata ndege nyingine ya Truman, ikivutwa na trekta ndani ya chombo, iliteleza ikatumbukia baharini pamoja na trekta lake. Maafisa wa Marekani walisema meli ilikata kona kali kukwepa mashambulizi. Yemen hawakuipiga ile ndege. Waliifanya meli igeuke tu.

*

"Mzee wetu, sisi ni wavuvi wa Kizingitini, tunatoka usiku mpaka maji makuu. Tukikutana na manowari tufanye nini? Mwenzetu mmoja husema usogee uombe maji na sigara." – Wavuvi watatu, Pate

Huyo mwenzenu mfungieni nyumbani.

Wao wanawaogopa ninyi kuliko mnavyowaogopa. Tarehe 12 Oktoba 2000 manowari ya Marekani, Cole, ilikuwa imefunga Aden inajaza mafuta. Mashua ndogo yenye watu wawili ikasogea ubavuni, na waliokuwa juu wakadhani ni ya kuhudumia meli. Ilikuwa imejaa baruti. Ikafungua tundu la zaidi ya mita kumi na mabaharia 17 wakafa. Hata manowari ya ndege hatari yake kubwa iko gatini. Tangu 1945 hakuna iliyozamishwa vitani ikiwa inatembea baharini, lakini Card, ndogo iliyokuwa imegeuzwa ya kusafirishia ndege, ilizamishwa Saigon tarehe 2 Mei 1964 ikiwa imefungwa kamba, na watu walioogelea usiku na mabomu. Waliinyanyua baadaye, maana maji hayakuwa na kina.

Kwa hiyo leo mashua yoyote inayosogea ni Cole nyingine. Tarehe 16 Julai 2012, nje ya Dubai, meli ya mafuta ya jeshi la Marekani iliifyatulia risasi mashua ya wavuvi iliyokuwa ikiikaribia. Mvuvi mmoja wa Kihindi alikufa, watatu wakajeruhiwa. Jeshi lilisema liliwaonya kwanza. Wavuvi walisema hawakusikia onyo. Nimekaa miaka kumi na tisa karibu na injini, najua mtu hasikii kitu.

Basi: mkiona taa nyingi au giza lenye umbo, msizime taa yenu kwa hofu, anayezima taa ndiye anayeshukiwa. Geuzeni omo mapema, kwa kona kubwa inayoonekana wazi, mwende mbali, si mkate mbele yake. Manowari ya ndege ikigeuka kuupokea upepo haitawangoja, na mashua haiwezi kuikwepa mara ikishageuka. Mkimulikwa, punguzeni mwendo, injini iwe ya kunguruma tu, simameni mikono iwe juu na itupu, nyavu ziachwe zionekane. Mwenye redio asikilize chaneli 16 na ajibu hata kwa Kiswahili. Ukimya ndio mbaya. Na betri za kurunzi zikaguliwe kabla hamjang'oa nanga, si baada ya kuiona.